Xiexie Peke Yake Haikufikishi Mbali, Wadogo Zangu

Wiki hii kuna mdogo wangu kaniandikia: "Dada, mwezi ujao naenda Guangzhou kufuata mabegi. Kichina changu ni nihao na xiexie, yaani salamu na asante, basi. Nitafika?" Kufika utafika, mdogo wangu. Kwenye bei nzuri ndiko huenda usifike. Na kwa kuwa wengi mnaonisoma mnaota ndoto hiyohiyo, duka Kariakoo na kontena lako mwenyewe bila kuchangia na mtu, acha nimjibu mbele yenu.

Kichina nilijifunza usiku, nikishafunga duka. Habari za madaftari na zile toni nne sitawachosha nazo, twende moja kwa moja Guihuagang, kwenye masoko ya mabegi. Duka ninalonunua lina mama mmoja ambaye wateja wote tunamwita laobanniang, yaani mke wa bosi, ingawa ukikaa pale nusu saa utajua bosi hasa ni nani.

Kuna safari mzigo wangu ulitakiwa ufike kwa ajenti alfajiri, kwa hiyo vijana wa stoo walifunga makatoni usiku kucha. Wateja walikuwa wanapita, wanasema xiexie huku wameshageuza mgongo. Mimi nikasimama, nikamtazama mmoja usoni nikasema, "Xinku le." Akaacha selotepu, akacheka, akamwita mwenzake aje amsikilize Mwafrika. Wadogo zangu, hiyo ni pole na kazi yetu hii hii. Mpe dereva, mpe mlinzi, mpe fundi aliyekubadilishia zipu. Akiwa mtu mzima, tanguliza nin, ambayo ni "wewe" ya heshima: "Nin xinku le." Watu wa Beijing wanaipenda sana hiyo nin. Guangzhou utaisikia mara chache, lakini sijaona mzee aliyenuna kwa kuheshimiwa. Tangu usiku ule makatoni yangu yanafungwa mikanda ya ziada bila mimi kuomba.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Mtanzania mwenzangu, tena niliyemwonyesha mimi njia ya soko lile, akasema kwa sauti mbele ya watu, "Huyu naye kwa kujipendekeza kwa Wachina!" Liliniuma, na nikilikumbuka linauma bado. Bodaboda wa Manzese tunampa pole na kazi kila siku, hakuna anayesema tunajipendekeza. Kijana wa Kichina aliyekesha na mzigo wangu ana kosa gani?

Mimi ninavyoona, xiexie inatosha ukipewa chenji au ukifunguliwa mlango. Mtu akikuhangaikia, mtajie hangaiko lake. Umemtoa stoo kukutafutia rangi moja mara ya tatu? Mwambie "Mafan ni le", nimekusumbua. Kakulipia chakula cha jioni? "Rang ni pofei le", nimekutia gharama. Ile "feichang ganxie", nashukuru sana, iache kwa barua za kampuni na watu wa ofisini. Na wakishakuzoea, punguza xiexie. Laobanniang ananikatiza kila mara: "Bie keqi!", yaani usijifanye mgeni. Wenzetu wakiwa nyumbani, mtoto hamshukuru mama yake kwa kila kikombe cha maji, na wewe ukiwamwagia shukrani kila dakika unajiweka mbali nao mwenyewe.

Halafu Guangzhou ina Kikanton chake. Wazee wa pale, akikuhudumia utasema "m goi", akikupa zawadi utasema "do je". Ukizichanganya watacheka tu, lakini ukizipatia utaona sura inavyobadilika. Na kwenye chai, ambayo utainywa mpaka uchoke, huna haja hata ya kufungua mdomo. Mwenyeji akikumiminia, kunja vidole viwili, cha shahada na cha kati, ugonge meza taratibu. Wenyewe wanasimulia kwamba mfalme Qianlong alikuwa akitembea kwa kujificha, akammiminia chai mtumishi wake. Mtumishi hakuweza kupiga magoti bila kumfichua bwana wake, vidole vikapiga magoti badala yake. Kama ni kweli au hadithi, mimi nagonga.

Kwenye zawadi ndipo wengi mnakasirika bure. Nilimpelekea laobanniang kahawa ya Kilimanjaro, nikampa kwa mikono miwili. Akakataa. Nikasogeza tena, akakataa tena, "Bu yong, bu yong!", haina haja. Dada niliyekuwa naye akanifinya kwa Kiswahili, "Twende zetu, hataki." Nikatulia, nikampa mara nyingine, akaipokea na yeye kwa mikono miwili, akaiweka chini ya kaunta bila kuifungua. Yule dada mpaka hotelini analalamika kwamba tumedharauliwa. Hakuna dharau hapo! Kukataa kwanza ndiyo adabu yao, na kufungua zawadi mbele ya mgeni wengi wanaona ni uroho. Usiku akanitumia picha WeChat, kikombe cha kahawa mezani na mumewe ananusa.

Safari iliyofuata akanipa mali kauli, mzigo kwanza pesa baadaye, na mali kauli kwa mgeni asiye na ofisi kule, wanaojua biashara wanaelewa uzito wake. Sikuomba. Kwa hiyo mnaoniuliza siri ya mtaji, jifunzeni kwanza kushukuru watu. Tena si Wachina tu, hata hao wapagazi wa Kariakoo mnaowaita "we kijana" wana majina yao. Mtu anashindwa kusema asante nyumbani kwake, ataiweza wapi kwa lugha ya watu?

Mdogo wangu, usisahau na upande wa pili, wao wakikushukuru. "Bu keqi", yaani usijali, inafaa popote. Mimi napenda zaidi "yinggai de", ndivyo inavyopasa. Juzi laobanniang alinishukuru kwa wateja niliompelekea kutoka Mwanza, nikamjibu hivyo. Akamgeukia jirani yake wa duka la pili, akasema jambo refu kwa Kikanton ambalo sikuliambulia hata neno, kisha akachukua kikokotoo na kunipigia upya bei ya vile vibegi vidogo vya mkononi.