Tiicha alituambia tuulize kuhusu viatu

Wiki hii mmeuliza ni mwalimu gani alikufundisha kitu ambacho hakikuja kwenye mtihani. Mi wa kwangu ni tiicha wa historia, huko Kagera, tukiwa kidato cha tatu mwaka 2004. Kwenye mtihani vita ya Amin, ile ya Tanzania na Uganda ya 1978 hadi 1979, ilikuwa sababu tano na matokeo matano, unameza unatapika, afu nje ya fensi ya shule wazee waliopigana hiyo vita wanapita na baiskeli za ndizi wanaenda gulioni na hamna mtu anawauliza kitu.

Basi tiicha akaleta redio kaseti ya kwake nyumbani, akatupanga wawili wawili, kila wawili na mzee wao. Sheria yake kubwa ilikuwa moja, usimwambie mzee "babu tuelezee vita". Manake ukimwambia hivo atakupa hotuba ya Nyerere ya Novemba 1978, uwezo tunao sababu tunayo nia tunayo, na hiyo redioni ipo kila siku, ya nini kumalizia betri. Uliza viatu. Uliza walikula nini, walilala wapi, mvua ikinyesha walifanyaje. Akinyamaza na we nyamaza.

Mzee wetu alikuwa mgambo, akaingizwa jeshini vita ilipoanza. Tulimpelekea sukari nusu kilo, shikamoo babu, tukauliza viatu. Weee! Nusu saa nzima viatu tu, alipewa vikubwa akawa anajazia majani makavu ya mgomba, ametembea navyo kutoka Mutukula pale mpakani hadi Masaka, majani yakiisha anachuma mengine maana na Uganda nako ni migomba tu. Afu bila kuulizwa akafika Lukaya, Machi 1979, pale barabara ya kwenda Kampala inapokatiza kwenye kinamasi. Walibya waliokuja kumsaidia Amin wakawafyatulia mizinga ya kufa mtu. Mzee akasema, "Tulikimbia. Kiatu kimoja nilikiacha kwenye matope."

Sisi shule tulijua jeshi letu limeenda mbele tu mpaka Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili. Kukimbia hakukuwepo kitabuni. Kumbe walikimbia kweli, na kesho yake brigedi nyingine ikazungukia pembeni ndo pale pakachukuliwa tena. Mwenzangu wakati wa kuandika kutoka kwenye kanda akaona aibu kwa niaba ya mzee, akaandika "tulirudi nyuma kimkakati". Tiicha akaikata kwa kalamu nyekundu, akaturudishia daftari, pembeni kaandika: mzee kasemaje?

Na kitu kingine, kwenye kanda kuna sauti ya bibi anadakia kutoka jikoni, eti yeye alikaa na mtu huyu miaka 25 hajawahi kusikia habari ya kukimbia, na kama ni kukimbia basi yeye ndo aanze kuhojiwa manake alivuka mto Kagera na mtumbwi usiku, watoto wawili, mmoja mgongoni, daraja la Kyaka likiwa limeshalipuliwa na askari wa Amin. Tukacheka tu. Tiicha kusikia hivo akaturudisha kesho yake kwa bibi, na kiukweli ya bibi ndo kali kuliko zote, ila sitaisimulia hapa, aliomba ibaki kwao.

Tiicha alihamishwa mwaka uliofuata. Kanda alizoacha ziliwekwa stoo chini kabisa sakafuni, na mchwa wa kwetu mnawajua. Za kwetu mbili zilipona kwa sababu zilikuwa za bro wangu, kanda za muziki ambazo nilirekodia juu bila kumuomba, nilichapwa hapo usiulize, zikabaki nyumbani kama ushahidi wa kesi.

Juzi juzi nikampa kijana mmoja wa stesheneri aziingize kwenye simu. Ya bibi nimempa binti yake peke yake. Ya mzee, ambaye ameshatangulia, wajukuu zake wamewekeana kwenye grupu la familia, mmoja akanipigia usiku kuuliza kwa nini babu anakatika katikati ya sentensi unaanza muziki wa dansi. Nikamwambia hapo sio kanda imeharibika. Ukisikiliza vizuri anasema "zima kwanza hiyo mashine", nikazima.