Lori linalia kwiii ukiwasha, anza na belti

Kaka umesema lori linalia kwiii asubuhi ukiliwasha na kwenye mlima linarudia, halafu fundi kakwambia ununue alteneta, ile inayochaji betri. Usinunue kitu kwanza. Piga resi gari likiwa limesimama, ikilia basi achana na breki na magurudumu, anza kuangalia mbele kwenye belti, ule mkanda unaozungushwa na injini. Chukua chupa ya maji, injini ikinguruma taratibu mwagia kidogo upande wa belti wenye mistari, mikono na nguo mbali na feni tafadhali, sasa sauti ikikata kidogo kisha ikarudi mara nyingi puli, yale magurudumu madogo belti inapozungukia, hazijanyooka, ikizidi ujue belti imelegea au tenshona inayoikaza imechoka. Maji yasipobadilisha kitu hapo ndo uwaze beringi, zile zinazofanya puli izunguke laini: zima injini, toa belti, zungusha kila puli kwa mkono, yenye beringi mbovu utaisikia inakwaruza au inacheza cheza, na kama ni ya alteneta basi fundi alikuwa sahihi. Ikilia pale tu unapokanyaga klachi, hiyo ni beringi ya klachi, belti haihusiki. Na usipake grisi wala sabuni, watu wanapenda sana huo ujanja, belti inanyamaza kidogo halafu inaanza kuteleza.