Shangazi anajibu: kima wa Pangani na vidonge vya kisukari

SWALI: Shangazi shikamoo. Juzi namsimulia mwanangu ile hadithi ya kima na papa, jamaa yangu mmoja Mhindi tunafanya nae kazi hapa bandarini Tanga akacheka, eti hiyo ya kwao, tena sio ya watoto ni ya kuwafundishia wafalme. Nikabisha, maana bibi yangu mzaa mama ni wa Pangani huko na hata kusoma hajui, ndo alienisimulia. Tumewekeana soda, nani mkweli? – Mbishi, Ngamiani

Marahaba mwanangu. Soda unalipa wewe.

Kwa wasioijua, kima yuko juu ya mkuyu ufukweni anamtupia papa matunda kila siku mpaka wakashibana, papa akamwalika kwao akambeba mgongoni, wamefika katikati ya bahari ndo anamwambia sultani wetu anaumwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akamjibu hapohapo, aah si ungesema mapema, sie makima tukisafiri mioyo tunaiacha mtini, nirudishe nikauchukue. Na papa na akili zake akamrudisha!

Sasa India hiyo hadithi imo kwenye Panchatantra, kitabu cha Kisanskriti, lugha ya kale ya India, chenye mafungu matano, na ndo inayobeba fungu zima la nne, linalohusu mtu kupoteza kitu alichokwishakitia mkononi. Kule papa ni mamba, na anaeutaka moyo ni mke wa mamba. Kitabu chenyewe kinaanza na mfalme mwenye watoto watatu wa kiume wazito kweli vichwani, akakabidhiwa mzee Vishnu Sharma awafundishe, mzee akaahidi miezi sita tu, basi akawa anawapa hadithi za wanyama na ndani yake umo uongozi mtupu, nani wa kumwamini, lini upigane na lini upatane, vipi marafiki wanavyogombanishwa na mtu wa kati. Huyo papa ni somo la siasa, jamaa yako hajakosea.

Pangani imefikaje? Karne ya 6 tabibu wa mfalme wa Uajemi anaitwa Burzoy aliitia kwenye Kipahlavi, Kiajemi cha zamani hicho, karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akaileta kwenye Kiarabu, ndo Kalila wa Dimna hiyo, na humo mamba kawa kobe na mti ni mtini, ule unaozaa tini. Mkuyu wetu na mtini ni jamii moja ya miti, kwahiyo mimi naona yetu imepitia kwa Waarabu, ingawa vyombo vya Gujarat navyo vilikuwa vinafika pwani hii kabla Mreno hajaiona, njia ya pili siikatai. Kinachonimalizia ubishi ni yule punda wa dobi asiekuwa na moyo wala masikio, ambae kima anamsimulia papa baada ya kuokoka. Yumo India, yumo kwa Waarabu, na yumo kwenye hadithi za Kiswahili alizozikusanya mmishonari Mwingereza Edward Steere kule Zanzibar akazichapisha London 1870. Ila wazee wetu wamemtia sungura mahali pa mbweha anaemdanganya punda mpaka akaliwa na simba, si unatujua.

Ukitaka siasa kavu bila wanyama tafuta Arthashastra ya Kautilya, kitabu cha kale cha Kihindi cha utawala. Ilipotea karne nyingi mpaka nakala ya majani ya miti ya jamii ya mtende ikaonekana Mysore, India, 1905, na humo mzee kahesabu njia 40 za maofisa kula mali ya serikali. Arobaini, na kompyuta hazijazaliwa!

SWALI: Shangazi, mama ana kisukari, jirani kamletea vidonge vya Ayurveda, ile tiba ya asili ya Kihindi, eti ni miti tupu havina madhara, sasa kaacha vya hospitali. – Binti, Chumbageni

Binti yangu, vya hospitali arudishiwe leo, na umpeleke akapimwe sukari, mengine tutaongea baadae.

Ayurveda siidharau. Kitabu cha Sushruta, tabibu wa kale wa India, kinataja vyombo vya upasuaji zaidi ya mia na namna ya kumtengenezea pua mtu aliekatwa, na 1794 jarida moja la London likaandika habari za mtu aliewekewa pua mpya huko karibu na Pune, India, kwa ngozi ya paji la uso wake, wazungu wakashangaa, mpaka 1814 daktari Joseph Carpue nae akajaribu palepale London na ikakubali. Lakini hiyo ni pua, mama yako ana sukari. Na hilo la miti tupu sio kweli siku zote, Ayurveda ina tawi linaitwa rasashastra, humo zebaki na madini mengine yanatiwa makusudi, na zebaki ikizidi mwilini inaharibu figo, na mwenye kisukari figo zake tayari ziko mashakani. Hata vikiwa miti kweli, karela, ile mboga chungu, kwa mfano inashusha sukari, akichanganya na dozi ya hospitali bila daktari kujua inaweza kushuka mpaka akazimia. Kichupa usikitupe, nenda nacho kliniki daktari akisome, na kama hakina lebo ya kilichomo ndani basi asimeze hata kimoja.