Muulize Mama Mkunga: Nimepangiwa Makete, mama yangu analia

Barua za mwezi huu zote tatu zimepanda mlima. Sikuzichagua mimi. Mhariri anasema zilifika wiki moja, na anajua nilivyo nikilisikia jina la Makete. Nimezalisha huko miaka 19, kwa hiyo leo mtanivumilia nikirefusha.

SWALI: Shikamoo Mama Mkunga. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 25, nimezaliwa na kukulia Tanga. Nimepata ajira na nimepangiwa shule ya kijijini wilaya ya Makete, mkoa wa Njombe. Aliyewahi kufika huko ananiambia umeme haujafika, maji ni ya kijito, na mvua ikianza gari halipandi. Mama analia kila jioni, anasema huko hata hospitali hakuna. Nibebe nini? Au niombe kubadilishiwa kituo kabla sijaripoti?
*Mwalimu mpya, Tanga*

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera ya ajira.

Mimi nilipanda mwaka 1984, nikitokea Kilosa, ambako hata usiku shuka ni mzigo. Wakati huo Makete ilikuwa bado mkoa wa Iringa. Lori lilinishusha njia panda, nikamalizia kwa miguu mwendo wa saa tatu, mzee mmoja akinibebea sanduku kichwani. Ndani ya sanduku kulikuwa na doti sita za kanga na sweta moja la kuendea kanisani. Ilikuwa Juni. Asubuhi ya kwanza nilifungua mlango nikaona majani yote meupe, nikamuuliza jirani nani amemwaga unga. Alicheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa sakitu, umande ulioganda, na mpaka naondoka mwaka 2003 watu wa kijiji kile walikuwa wakiniita Mama Unga.

Basi beba hivi. Mablanketi mawili mazito, na usinunue Tanga, watakuuzia pazia. Koti na sweta za sufu zitafute mitumbani Mbeya au Makambako, wauzaji wa huko wanajua baridi ni nini. Mabuti ya mvua, jozi mbili, kwa sababu moja itakuwa inakauka. Taa ya sola na betri ya akiba ya kuchajia simu. Na ukiweza, sufuria ya presha. Hii ya mwisho utaniona nimezeeka, lakini subiri upike maharage. Tanga maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Ukiwa juu kwenye mita 2,500 yanatokota kwenye nyuzi 92 hivi, na hayapandi zaidi hata ukichochea kuni za mwezi mzima. Wiki ya kwanza niliweka maharage saa nne asubuhi, jioni nikala yakiwa yananigongea meno. Nilidhani nimeuziwa mabovu. Loweka tangu usiku.

Sasa jambo moja nataka ulishike. Jiko la mkaa lisilale ndani ya chumba ulicholala wewe. Baridi itakubembeleza: liingize kidogo tu, funga dirisha, ukipata joto utalitoa. Hewa ya mkaa haina harufu wala rangi, inakukuta usingizini. Niliwahi kuamshwa alfajiri kwenda chumba cha vijana wawili wapasua mbao. Mmoja tulimtoa nje akapata fahamu kabla ya jua kupanda. Mwenzake alikuwa ameshapoa. Ota moto jikoni kwa majirani, piga soga, halafu rudi ulale na chupa ya maji ya moto miguuni.

Chandarua usikiache. Najua utaambiwa kule juu mbu hawafiki, na kwa kiasi kikubwa ni kweli. Lakini wewe utashuka Tanga likizo, uumwe na mbu wa kwenu, upande na malaria damuni. Homa ikikushika wiki mbili baada ya kurudi, mwambie mhudumu wa zahanati, neno la kwanza kabisa, "nilikuwa Tanga." Usipomwambia atakutibu kichomi, maana ndicho anachokiona kila siku.

Kuhusu hospitali, mwambie mama afute machozi. Makete kuna hospitali ya misheni ya Ikonda, na watu wanapanda mabasi kutoka mikoa ya mbali, hata Dar es Salaam, kwenda kupanga foleni pale. Kazi haiko hospitalini, iko kati ya kitanda chako na hospitali. Siku hizi kutoka Njombe hadi Makete mjini ni lami, unasinzia. Ni kutoka lami kwenda kijijini ndipo mambo yanapobadilika. Ukipitia upande wa Chimala kwenda Matamba utakutana na mlima wa kona 57, na wenyeji wanaiita hivyo hivyo, Hamsini na Saba. Nilipozipanda mara ya kwanza nilizihesabu. Mara ya pili nilifumba macho.

Mwaka 1987 nilishuka na mama mmoja aliyejifungua salama, kondo likakataa kutoka. Damu ilikuwa inakwenda. Redio ya kuitia gari haikuwepo, na hata kama lingeitwa, Machi ile lisingepanda. Wanaume wanane walikata mianzi, wakafunga machela kwa kamba na blanketi, wanne wanabeba, wanne wanapumzika kwa kutembea. Mimi nyuma na taa ya chemli, mkono wangu tumboni kwake, nasugua ili kizazi kikaze. Kila tulipofika kijito walisimama na kuniangalia. Hawakuuliza maji ni marefu kiasi gani, waliuliza, "Sista, bado yupo?" Nikijibu yupo, wanaingia. Tulifika saa kumi na moja alfajiri. Yule mama alikuwa hai na alizaa tena mara mbili. Mmoja wa wale wabebaji alikuwa mume wa dada yake, wengine hawakuwa hata ukoo mmoja naye. Kwa hiyo ukifika, kabla hujatandika kitanda, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji ujitambulishe, halafu kwa majirani nyumba kwa nyumba. Chukua chumvi na sukari kidogo, ni vitu vya kununua, vinapanda ghali. Viazi hawatakuacha ununue.

Salamu utaisikia: "Kamwene." Jifunze hiyo siku ya kwanza, na maneno mengine ya Kikinga taratibu, maana wako watoto wa darasa la kwanza kutoka vitongojini watakaokuja na Kikinga tu. Watakuja wengine wamechelewa, mikono ina utomvu. Kipindi cha mvua mianzi inagemwa ulanzi, pombe ya huko, asubuhi na jioni, na kazi ya kushuka bondeni kuugema mara nyingi ni ya mtoto. Usimchape kabla hujauliza. Na wewe mwenyewe, ukikaribishwa ulanzi wa asubuhi utauona mtamu kama togwa. Wa jioni ni mwingine. Nimeona bwana shamba mmoja akilala kwenye tuta lake la mfano.

Swali moja usiulize darasani: "Baba yako anafanya kazi gani?" Njombe ndiyo mkoa uliopigwa na UKIMWI kuliko yote Tanzania Bara. Utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulikuta watu wazima wenye virusi ni asilimia 12.7 pale, wakati nchi nzima ni asilimia 4.4. Makete ilizika sana kabla dawa hazijafika. Kuna mwaka nilikuwa nawaandikia kadi za kliniki watoto, sehemu ya mzazi naandika "bibi", "bibi", "bibi", ukurasa mzima. Dawa sasa zipo, wanaozitumia wanalima na kuzaa watoto wazima. Lakini utakuta mikutano ya wazazi ina vikongwe wengi. Panga viti, wao hawatakuomba.

Kubadilishiwa kituo: usiombe kabla hujakaa mwaka mmoja. Ukifika Julai utaichukia Makete, kila mtu huichukia Julai. Subiri mvua za Novemba na kuendelea, upande uwanda wa Kitulo uone maua. Wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Mwaka 2005 ikawa hifadhi ya taifa, ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Nilipoambiwa serikali inalinda maua nilicheka, maana sisi tulizoea kuona watu wakichimba viazi vya yale maua kwa magunia, vinapelekwa Zambia kutengenezewa chikanda, chakula cha huko. Nimekwenda tena nikiwa mstaafu, nimekaa kwenye jiwe saa nzima. Sikucheka.

Ukimaliza mwaka na bado unalia, niandikie. Nitakusaidia kuandika barua ya uhamisho mwenyewe.

SWALI: Mama, mimi ni mkulima wa viazi huku juu. Wanunuzi wanakuja na Fuso, wanataka gunia la lumbesa, limeshonewa kilemba mpaka linataka kupasuka. Ukikataa wanasema baki na viazi vyako. Ada ya mtoto inadaiwa. Nifanye nini? Na mgongo wangu unauma sana tangu msimu uliopita.
*Mkulima, Makete*

JIBU: Ndugu yangu, nilidhani utaniuliza mgongo tu, hayo mengine si fani yangu. Lakini ni kitu kimoja.

Sheria iko wazi: gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wana mamlaka ya kumtoza faini anayefungasha lumbesa. Mnunuzi anaijua. Anajua pia kwamba mvua ikinyesha siku mbili yeye ndiye mwenye gari pekee lililopanda, na viazi vilivyokwisha chimbwa vikipigwa jua vinageuka kijani. Hapo ndipo anapopata kile kilemba. Bei yako inaliwa na ile barabara kabla dalali hajafungua mdomo. Peke yako huwezi kumkatalia. Nimeona kijiji kimoja wakichanga wakanunua mizani, wakakubaliana hakuna wa kuuza ila kwa kilo, na hakuna wa kuchimba mpaka gari limefika na bei imetajwa. Mwaka wa kwanza wanunuzi waliwasusa wiki nzima. Wake za watu waligombana na waume zao wiki ile, sikufichi. Wiki ya pili Fuso moja ilirudi, na nyingine ikaifuata. Viazi visivyochimbwa vinakusubiri ardhini siku kadhaa, vilivyo guniani havikusubiri.

Ukizungumza na wenzako, msizungumze bei peke yake. Wapelekeeni vijana wapakiaji swali hili: nani kati yenu ana ngiri? Nimewapokea zahanati, miaka 22, 23, anashika kinena na kuona aibu kusema. Gunia la kilo 130 linapandishwa garini na watu wawili kwenye utelezi. Anayelipwa kwa gunia halipwi zile kilo 30 za juu, anazibeba bure.

Mgongo wako: acha kunyanyua kwa wiki mbili, lakini usilale kitandani, tembea. Ukianza kuhisi ganzi mguuni au mkojo unakusumbua, usinisubiri mimi wala gazeti, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na ukirudi kazini, kunja magoti.

SWALI: Habari Mama Mkunga. Naishi Dar es Salaam, nina watoto wawili wadogo. Nimesikia mabinti wa Makete ni wachapakazi, hawajui maneno mengi, na mshahara wao ni wa kawaida. Kwa kuwa unafahamika huko, nitafutie mmoja, hata wa miaka 12 au 13, ambaye bado hajaharibika.
*Mama Watoto Wawili, Dar es Salaam*

JIBU: Mama watoto wawili, barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikaenda kuchemsha chai.

Mtoto wa chini ya miaka 14 sheria ya kazi ya 2004 inakataza kuajiriwa, kwa hiyo huyo wa 12 au 13 usimtaje tena, wala kwangu wala kwa dalali wa kituo cha basi. "Hawajui maneno mengi" maana yake hawajui Kiswahili cha kukukatalia. Mimi nimewapokea wanaporudi. Wengine walirudi salama, wana cherehani. Wengine walirudi na ujauzito na begi la plastiki, mwenye nyumba hakuwapa hata nauli yote, wakateremkia Makambako wakaomba. Nimewazalisha. Najua majina yao, wewe huyajui.

Ukitaka msaidizi, tafuta mwanamke mzima, mwandikishe mkataba, mpe chumba chenye mlango unaofungwa kwa ndani, na siku ya mapumziko. Ukitaka awe wa Makete hasa, sawa, lakini sikutafutii. Panda mwenyewe. Basi la Njombe lipo, lami ipo, kisha bodaboda mpaka kijijini. Ukafike kwa bibi yake, ukae kwenye kigoda jikoni, moshi ukuingie machoni, umweleze yeye unachomtakia mjukuu wake.

Na uvae sweta.