Chumba kimoja, soketi moja, wanafunzi watatu: kwa nini plagi inachemka na bili haieleweki

SWALI: Shikamoo fundi. Nimeanza mwaka wa kwanza chuo kikuu. Hosteli zimejaa, kwa hiyo tumepanga chumba mjini, watu watatu. Ukutani kuna soketi moja tu. Tumechomeka ekstensheni ya matundu sita, na juu yake nyingine ya matundu manne. Vyombo vyetu ni laptopu tatu, simu, feni, pasi, birika la umeme, jiko la koili moja na ile koili ya kutumbukiza kwenye ndoo kupasha maji ya kuoga. Wiki hii plagi ya ekstensheni imekuwa ya moto haishikiki, na tundu moja limegeuka rangi ya kahawia. Breka haijawahi kukata hata mara moja. Mwenye nyumba anasema tununue ekstensheni kubwa zaidi. Halafu mita tunaitumia pamoja na chumba cha jirani, bili tunagawana nusu kwa nusu, na tunahisi tunaonewa. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba. Kabla hujamaliza kusoma, zima swichi ya soketi (kama haina swichi, zima breka), chomoa ekstensheni hiyo na usiichomeke tena. Plastiki iliyogeuka kahawia imeshaungua, na vibanio vya shaba vilivyo ndani vimelegea kwa joto. Kibanio kilicholegea hakirudi kubana. Ukiendelea kukitumia kinapata joto zaidi, kinalegea zaidi, na mwisho wake ni moto. Soketi ya ukutani nayo ikaguliwe na fundi, kwa sababu plagi iliyochemka kiasi hicho mara nyingi imeshaharibu pande zote mbili.

Sasa tuje kwenye chanzo. Watu wengi huhesabu matundu, wakati kinachotakiwa kuhesabiwa ni wati. Angalia kibandiko nyuma au chini ya kila chombo. Chaja ya laptopu ni kama wati 65, ya simu 20, feni 60. Laptopu tatu, simu tatu na feni kwa pamoja ni wati 315. Gawa kwa volti 230 unapata ampea 1.4 (ampea ni kipimo cha mkondo wa umeme unaopita kwenye waya), mzigo ambao ekstensheni yoyote nzima inaubeba bila kujua. Vyombo hivyo havina hatia hata kidogo.

Wakosaji ni vile vinavyotengeneza joto: birika wati 2000, koili ya maji 1500, pasi 1200, jiko 1000. Asubuhi mna kipindi saa mbili, mmoja anachemsha chai, mwingine anapasha maji, wa tatu ananyoosha shati. Hizo ni wati 4700, yaani zaidi ya ampea 20. Plagi ya pini tatu bapa imetengenezwa kubeba ampea 13. (Hesabu yangu ni ya umeme wa volti 220 hadi 240. Penye volti 110 hadi 127, wati zilezile zinavuta karibu maradufu ya ampea, kwa hiyo hali ni mbaya zaidi.)

Na kwa nini breka haikukata? Kwa sababu kazi yake ni kulinda waya uliomo ukutani, haijui habari za ekstensheni yako. Breka ya soketi huwa ya ampea 16, 20 au hata 32. Kama yenu ni ya 32, ampea 20 kwake ni kazi ya kawaida. Fyuzi iliyomo ndani ya plagi ndiyo ingepaswa kusema kitu, lakini fyuzi ya 13 haikatiki papo hapo mzigo ukizidi, inaweza kuvumilia muda mrefu huku plagi ikiiva. Tena ifungue uone: fyuzi nyingi zilizokwisha kukatika hurudishwa zikiwa zimezungushiwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara au kipande cha waya. Ukikuta hivyo, hapo hakuna ulinzi wowote.

Kuna jambo jingine ambalo breka wala fyuzi haiwezi kuliona kabisa, nalo ni mguso mlegevu. Joto linalozalika pale pini inapogusana na kibanio hukua kwa mraba wa ampea. Tuseme mguso umelegea na ukinzani wake, yaani ugumu wa umeme kupita, umefika omu 0.1. Kwa ampea 1.4 za laptopu na feni, pale panazalika joto la wati 0.2, hutalisikia hata kwa mkono. Kwa ampea 10, yaani birika au pasi kubwa, ni wati 10. Kwa ampea 20 ni wati 40, sawa na chuma kidogo cha kulehemu redio, tena kikiwa kimefungiwa ndani ya plastiki. Tundu lako la kahawia limetokana na hilo.

Kwa hiyo mwenye nyumba amekosea. Ekstensheni yenye matundu mengi zaidi inawapa nafasi ya kuzidisha mzigo tu, na kuchomeka ekstensheni juu ya ekstensheni ni kuongeza miguso huku plagi ya kwanza ikibeba mzigo wa zote. Mnachohitaji ni ekstensheni moja, yenye waya mnene, matundu machache, urefu wa mita 2 au 3 basi. Soma maandishi yaliyochapwa juu ya waya wenyewe, usisome boksi. Ukiona 3G0.75, waya huo ni wa ampea 6: chaja na feni, basi. 3G1.0 ni ampea 10, 3G1.25 ni 13, na 3G1.5 ni 16. Chukua 1.5. Ile 3 ya mwanzo inamaanisha nyaya tatu, G inaonyesha kuwa mmoja ni wa ethi (unaopeleka ardhini umeme uliovuja), na namba ya mwisho ni unene wa kila waya kwa milimita za mraba. Waya usio na maandishi yoyote uache dukani.

Nenda na kisumaku kidogo. Pini za shaba hazivutwi; zikivutwa ni chuma kilichopakwa rangi. Kwenye ncha iliyokatwa, kwangua uzi mmoja wa waya: ukiwa mwekundu juu na mweupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyovishwa shaba, na haibebi ampea zilizoandikwa. Ingiza plagi na uichomoe; inatakiwa ibane sawasawa. Ikiingia kama inateleza, rudisha. Epuka pia matundu yale yanayopokea plagi za kila umbo, kwa kuwa kibanio kinachotaka kushika pini za aina zote hakishiki vizuri hata moja.

Hapo hapo niseme kuhusu mchezo wa kalamu. Plagi ya pini mbili za mviringo haiingii kwenye soketi ya matundu matatu, basi mtu anasukuma kalamu kwenye tundu la juu ili vizuizi vya ndani vifunguke. Inaingia, ndiyo, lakini pini ya mviringo imekaa kwenye kibanio cha pini bapa, inagusa upande mmoja tu. Kwa chaja ya simu unaweza usione madhara. Kwa pasi au birika, ni tundu la kahawia jingine, na juu ya hayo chombo hakina ethi. Nunua adapta yenye fyuzi au, bora zaidi, funga plagi sahihi.

Kufunga plagi ya fyuzi ni kazi ya dakika kumi, na waya uwe umechomolewa kabisa. Ukiitazama plagi kwa ndani, pini ndefu ikiwa juu, wa kahawia uende upande wa kulia kwenye fyuzi, wa bluu kushoto, wa kijani chenye mstari wa njano juu. Kwenye waya za zamani ni nyekundu, nyeusi na kijani kwa mpangilio huohuo. Wa ethi uache mrefu kidogo kuliko wenzake ili waya ukivutwa kwa nguvu, ethi iwe ya mwisho kung'oka. Nyuzi zisokote kwa vidole, usizipake risasi ya kulehemu, kwani risasi iliyobanwa na skrubu husinyaa taratibu na skrubu inabaki inacheza. Kibano cha pale waya unapoingilia kwenye plagi kishike ganda la nje, kisishike nyaya za ndani. Kisha chagua fyuzi: chombo cha chini ya wati 700 kinatosha ampea 3. Laptopu iliyofungiwa ya 13 itafanya kazi, ila hitilafu ikitokea, waya wake mwembamba unaweza kuungua kabla ya fyuzi.

Ratiba ya chumba ni hii: chombo cha joto kimoja kwa wakati mmoja, na kichomekwe ukutani moja kwa moja. Ekstensheni ibaki ya chaja, taa na feni. Kwa soketi moja hilo ni usumbufu, kwa hiyo mwombeni mwenye nyumba soketi ya pili, ikiwezekana yenye waya wake wa 2.5 kutoka kwenye breka ya ampea 20. Akitaka njia ya mkato atawabadilishia hiyo iwe soketi pacha. Inasaidia, lakini pacha haimaanishi 13 mara mbili. Soketi pacha za kawaida hupimwa kwa ampea 20 kwa jumla, na birika na koili pamoja zinakula 15 tayari.

Ombeni pia breka ya kuvuja umeme, ile yenye kitufe cha kujaribia, ya miliampea 30. Hii ndiyo inayookoa mtu. Breka ya kawaida haitambui kwamba umeme unapita mwilini mwako, kwa sababu kiasi kinachoua ni kidogo mno kwake. Kibonyeze kitufe siku itakapofungwa. Kisipokata, hiyo breka ni pambo.

Koili ya maji ndiyo ninayoiogopa kuliko vyote ulivyotaja. Iweke majini kwanza hadi alama yake, ndipo uwashe. Ikiwashwa kavu inaungua kwa sekunde chache. Ukimaliza, zima, chomoa, subiri nusu dakika, kisha itoe. Usipime joto la maji kwa kidole huku imewashwa, hata mara moja, hata kama mwenzio hufanya hivyo kila siku na bado yu hai. Ndoo ya chuma usitumie. Ya plastiki ifae tu kama koili inaning'inia kwenye kijiti bila kugusa ukingo wala kitako. Na usiiache ukaenda kupiga mswaki: wati 1500 zinapandisha lita 20 kwa nyuzi 20 za joto kwa takriban dakika 20, ukichelewa maji yanapungua na koili inabaki nje.

Bili sasa. Yuniti moja ni wati 1000 kwa saa moja. Ndoo hiyo ya lita 20 ni karibu nusu yuniti. Mko watatu, kila mmoja ndoo moja kwa siku, ni yuniti 1.5. Jiko la wati 1000 kwa saa moja na nusu, 1.5 nyingine. Laptopu tatu kwa saa sita, kwa wastani wa wati 40 kila moja, 0.72. Feni usiku kucha wa saa nane, 0.48. Birika, lita tatu kwa siku, kama 0.35, maana lita moja kutoka maji ya kawaida hadi kuchemka inakula takriban 0.11. Pasi 0.25. Simu zote tatu hazifiki 0.1. Jumla ni karibu yuniti 4.9 kwa siku, na 3 kati ya hizo ni jiko na maji ya kuoga. Kwa hiyo kabla hujamlalamikia jirani, uliza anapikia nini. Kama chumba chake kina taa na redio tu, anayeonewa ni yeye.

Mita yenyewe itakuambia ukweli. Tafuta taa ndogo inayopepesa na maandishi kama 1000 imp/kWh, yaani mipepeso 1000 kwa yuniti moja (nyingine ni 1600 au 3200). Kubalianeni na jirani mzime kila kitu vyumba vyote viwili. Taa isipotulia baada ya dakika kadhaa, kuna mtu wa tatu kwenye mita yenu au kuna mahali umeme unavuja, na hapo fundi aitwe. Ikitulia, washa birika lenu peke yake. Kwa mita ya 1000, chombo cha wati 2000 hupepesa kila sekunde 1.8, cha wati 1000 kila sekunde 3.6. Mipepeso ikiwa ya haraka kuliko hiyo, kuna kingine kinachovuta.

Baada ya hapo pigeni picha namba za mita, na kila chumba kipige hesabu ya vyombo vyake kama nilivyofanya hapo juu, mgawane kwa uwiano huo. Mkibishana bado, mwenye nyumba amwite fundi afunge mita ndogo ya kupimia kwenye waya unaoingia chumba kimojawapo. Moja inatosha: cha pili ni mita kubwa kutoa ndogo.