Bosi wa zamani anataka umfanyie VAT bure

Pole dada. Yani umeacha kazi miezi miwili sasa na bosi bado anakupigia usiku umwandalie ritani ya VAT (ile ripoti ya kodi ya ongezeko la thamani ya kila mwezi), eti tarehe 20 ya mwisho kuipeleka imekaribia na mhasibu mpya haelewi kitu, hapo mi ningetenganisha mambo. Kumwelekeza faili liko wapi ni dakika 5, msaidie tu, kesho ataulizwa habari zako na hao unaowaomba kazi. Ila kukaa na risiti za EFD (zile za mashine ya kodi) mpaka saa 6 usiku hiyo ni kazi, mtajie bei kabla hujafungua laptop na nusu itangulie. Mi nilifanya bure mara moja, mwezi uliofuata nikaletewa boksi zima la risiti, hata soda hamna! Na paswedi yao ya TRA, mamlaka ya mapato, kama bado unaijua waambie wabadilishe leoleo.