Nyari ya Marafa: ni nani aliyeivunja ardhi?

Barua nyingi za safari hii zimetoka upande wa Malindi na Magarini, na zinauliza habari za Nyari, lile bonde la magenge mekundu na meupe pale Marafa, pwani ya Kenya, ambalo wageni wamezoea kuliita Hell's Kitchen. Tumechagua nne.

SWALI: Salaam aleikum wahariri. Nafundisha jiografia hapa Malindi. Kila nikipeleka wanafunzi Marafa hugawanyika makundi manne: kimondo, volkano, ardhi iliyozama, na laana ya Mungu. Niwajibu vipi?

Wa aleikum salaam, mwalimu. Jibu letu ni mvua, na upepo ni msaidizi wake. Ila wanafunzi wako wasilikubali kwa kuwa tumelisema sisi. Kila dai kati ya hayo lingeacha alama yake ardhini, na alama hizo mnaweza kuzitafuta wenyewe mkiwa pale pale.

Anzeni na kimondo. Jiwe linaloanguka kutoka angani kwa kasi ya kilomita nyingi kwa sekunde halichimbi tu, linapindua. Ukingo hubaki umeinuka kuliko ardhi ya pembeni, na matabaka ya ukingoni hulala kichwa chini miguu juu. Kasoko (shimo kubwa la duara) ya Barringer kule Arizona, Marekani, yenye upana wa kilomita 1.2 hivi na kina cha mita 170, ilibishaniwa kwa miongo mingi, wengine wakisema mvuke wa volkano, wengine kimondo. Mwaka 1960 mwanajiolojia Eugene Shoemaker na wenzake wakaonyesha kuwa mna koesiti, madini yanayozaliwa kwatzi (madini ya kawaida ya mchanga) inapobanwa kwa nguvu isiyo ya kawaida kama ya kimondo, na ubishi ukaanza kuisha. Sasa simameni ukingoni pa Nyari mtazame genge la ng'ambo. Chagueni utepe mmoja mweupe, muufuate kwa macho. Umelala karibu sawasawa, na ukigeuka kutazama upande wako unaukuta kwa kimo kile kile. Bonde limepita katikati ya matabaka kama kisu kwenye mkate wa sinia, wala hakuna lililopinduka.

Na waambie wasiwe na pupa ya ushahidi. Mauritania kuna duara kubwa la miamba liitwalo Richat, lenye upana wa kilomita 40 hivi. Watu walidai ni la kimondo, hata ikasemwa koesiti imepatikana. Kupimwa tena, kumbe ni bariti, madini ya kawaida. Leo duara hilo linaelezwa kuwa ni kuba la miamba lililosukumwa juu kutoka chini, kisha likaliwa na mvua na upepo hadi pete zake zikabaki wazi.

Volkano haina kazi ndefu. Tafuteni jiwe jeusi lenye vitundu, au tabaka la majivu yaliyoganda. Hamtaliona. Joto linalowachoma pale adhuhuri ni la jua, na kuta zimeuzuia upepo.

Ardhi kuzama ni dai lenye akili zaidi, maana pwani yetu ina mapango na mashimo ya namna hiyo. Lakini shimo la kuzama hutokea penye jiwe la chokaa linaloyeyuka chini kwa chini, na aghalabu huwa bakuli lisilo na mlango. Teremkeni hadi chini mfuate mchanga ulioachwa na maji ya mwisho. Utawatoa nje. Udongo uliokuwa umejaa hapo haukuzama, uliondoka, na njia uliyopitia mnaikanyaga.

Laana msiikejeli. Masimulizi ya wenyeji yanataja watu matajiri wa ng'ombe waliooga maziwa badala ya kuwapa wenye njaa, ardhi ikawameza. Nyeupe ni maziwa, nyekundu ni damu. Hicho ni kisa cha kufunza watoto ukarimu, na kimehifadhi rangi za ukuta vizuri kuliko picha nyingi. Jina lenyewe, Nyari, hufasiriwa kuwa mahali palipovunjika penyewe, na kwa maoni yetu waliolitoa walikuwa wametazama kwa makini: hakuna kilichoanguka juu yake wala kilicholipuka chini yake.

Sasa mvua inavunjaje? Matabaka ya Marafa ni mchanga, tope laini na udongo wa mfinyanzi. Wanajiolojia huyaweka katika enzi ya Pliosini, kati ya miaka milioni 5.3 na 2.6 iliyopita. Kwa umri huo ungetarajia jiwe gumu, lakini chembe zake hazijashikana sawasawa. Okota bonge lililokwisha kuanguka, ulibinye kwa vidole viwili: linamung'unyika, na kiganjani unabaki na mchanga na vumbi jekundu lisilotoka upesi.

Halafu wapigishe wanafunzi hesabu hii. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Mvua moja ya masika ya milimita 50 juu ya hekta moja ni lita 500,000. Ardhi ikiwa tupu na imegandamana juu, sehemu kubwa ya maji hayo hukimbilia ukingoni. Yakianguka kutoka juu ya genge hula mguu wa genge kwanza, kichwa kinabaki kinaning'inia, kisha kinakatika chenyewe. Ndivyo bonde linavyorudi nyuma kuelekea maji yanakotoka. Penye tabaka lililoshikana kidogo, aghalabu kwa kutu ya chuma, tabaka hilo huwa kofia, na udongo ulio chini yake husalia umesimama kama mnara wakati majirani wamekwisha kwenda. Kofia ikidondoka, mnara nao umebakiza masika machache.

Jambo la usalama: nyufa zinazokwenda sambamba na ukingo ndizo zitakazokuwa ukuta mpya. Mwanafunzi asisimame kati ya ufa na genge, hata ufa uwe mwembamba wa kupitisha shilingi tu. Na baada ya mvua kubwa ahirisheni safari, kwa kuwa mabonge mengi huanguka udongo ukiwa umelewa maji.

SWALI: Mbona rangi ni nyingi hivyo kwenye ukuta mmoja? Je, ni miamba tofauti? (Msomaji wa Mambrui)

Kwa sehemu kubwa ni chuma kile kile katika hali mbalimbali. Nyeupe ni kwatzi na udongo mweupe wa kaolini ambao chuma chake kimesafishwa na maji. Manjano na rangi ya chungwa ni gothiti, chuma kilichoshikana na maji. Nyekundu ni hematiti, chuma kilichopoteza maji hayo. Asilimia chache tu za hematiti zatosha kupaka ukuta mzima.

Unaweza kuigeuza moja kuwa nyingine jikoni kwako. Chukua udongo wa manjano wa shambani, usibandue ukuta wa Nyari. Uanike siku mbili, uuponde uwe unga, weka vijiko viwili juu ya kipande cha bati, na bati juu ya jiko la makaa yaliyoshika vizuri. Koroga kwa mti kila baada ya dakika chache. Gothiti huanza kugeuka hematiti joto likifika nyuzi 250 hadi 300 hivi, kwa hiyo katika nusu saa unga wa manjano huwa mwekundu wa tofali. Ukiwa mweusi, udongo wako ulikuwa na mizizi na mboji nyingi, au uliufunika ukakosa hewa. Ukiweka bonge bichi badala ya unga, litapasuka na kukurukia usoni.

SWALI: Shamba letu liko si mbali na Marafa. Pembeni kumefunguka korongo, na juu yake kuna tundu ambalo maji huingia yakatokea chini kabisa. Wazee wanasema Nyari inazaa. Ni kweli? Tufanye nini?

Ndugu yetu, wazee hawako mbali na ukweli. Tundu hilo ndilo la kuogopa kuliko korongo lenyewe. Maji yanaingia kwenye ufa, yanabeba chembe laini chini kwa chini, handaki linapanuka bila wewe kuliona, kisha dari linaporomoka na korongo linaruka mita kadhaa kwa usiku mmoja. Zuieni watoto na mifugo wasipite juu yake.

Kwanza upime udongo. Chukua kibonge kikavu cha ukubwa wa harage kutoka tabaka la chini, kina cha mkono mzima, si cha juu penye majani. Kiweke taratibu ndani ya glasi ya maji, usikoroge, usisogeze, uache saa mbili. Kikibomoka tu na maji yakabaki maangavu, udongo ni dhaifu lakini unaweza kuudhibiti. Ukiona wingu kama maziwa linatambaa kukizunguka, udongo huo unajitawanya wenyewe ndani ya maji, nao ndio unaotoboka mahandaki.

Hapa ndipo wengi hukosea: tumia maji ya mvua. Visima vingi vya huku vina chumvichumvi, na chumvi huzikusanya chembe za mfinyanzi zikatua chini. Udongo mbaya kabisa utaonekana mzuri kwenye glasi ya maji ya kisima, kisha masika yaje na maji yake yasiyo na chumvi, shamba liende.

Wingu likitokea, usichimbe mtaro wa kuyageuza maji. Mtaro unafichua lile tabaka la chini, nawe utakuwa umefungua tundu jipya. Inua tuta la udongo wa juu, mita kadhaa juu ya kichwa cha korongo, kimo cha sentimita 40 hadi 50, likiwa na mteremko mdogo sana wa kupeleka maji mahali penye nyasi nzito. Lishindilie tabaka kwa tabaka likiwa na unyevu, kisha pandikiza nyasi za vetiva, mche hadi mche sentimita 10 hadi 15. Usijaze korongo kwa mawe matupu wala takataka. Maji hupita pembeni ya mawe na kukata upande mpya.

Ili ujue kasi yake, kata nondo nyembamba za sentimita 30, uzipigilie ukutani pa korongo hadi zibaki sentimita 5 nje, uzipake rangi, upime kila mwisho wa masika na wa vuli. Ikionekana sentimita 7, ukuta umepoteza 2. Ikipungua, usishangilie: udongo wa juu umeteremka ukaifunika.

SWALI: Niko Lamu. Je, mawe ya Nyari ni yale yale ya magenge ya baharini hapo Malindi, penye nguzo ya Vasco da Gama?

Hapana, dada. Yale ya baharini ni matumbawe, chokaa iliyojengwa na viumbe hai. Sehemu kubwa ya matumbawe yaliyo wazi kandokando ya pwani yetu ni ya miaka 125,000 hivi iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Kando ya umri wa Nyari, hayo ni ya juzi.

Siki ya dukani itakutenganishia. Kwaruza jiwe upate unga mbichi, udondoshee matone matatu, utege sikio. La matumbawe litachemka na kutoa sauti ndogo kama soda. La mchanga wa kwatzi litanywa siki kimya. Uoshe unga kwa maji matamu kabla, na uondoe vipande vya kome na kombe vilivyochanganyika, kwa sababu navyo huchemka, na mchanga wa huko kwenu Shela unavyo.